Kabla Kontena la Baiskeli Halijafika Karatu

Vikundi vidogo vya hisani Ulaya na Marekani hukusanya baiskeli zilizotumika, huzipakia kwenye kontena na kuzisafirisha hadi Afrika. Kwa mwanafunzi wa Mang'ola au Endabash, wilayani Karatu, anayetembea zaidi ya saa moja kwenda shule, baiskeli ni ukombozi. Utafiti uliofanywa Zambia ulionyesha kuwa wasichana waliopewa baiskeli walipunguza utoro kwa zaidi ya robo. Ila wasichana wale walipewa baiskeli imara za aina moja, na mafundi wa kuzihudumia walikuwa wameandaliwa. Baiskeli isiyo na spea wala fundi, miezi michache tu inaegemezwa ukutani.

Kwa hiyo, kama shule au kijiji chenu kimeahidiwa baiskeli, au kama uko ughaibuni na unataka kutuma nyumbani, fundi baiskeli awe mtu wa kwanza kuulizwa. Yeye ndiye anayejua kinachopatikana madukani. Tairi za inchi 28 za Phoenix na za inchi 26 za baiskeli za milimani hazisumbui kupata. Tairi nyembamba za baiskeli za mashindano ni kazi. Shokapu za bei rahisi hazivumilii vumbi la huku, na gia nyingi ni vitu vingi vya kuharibika. Hata valvu ya tyubu iangaliwe. Ile nene inayofanana na ya gari mtaijaza upepo hata kwenye kituo cha mafuta. Ile nyembamba, yenye kijiskrubu cha kulegeza kwenye ncha, pampu nyingi haziishiki, na penye mbigiri na miiba ya migunga pancha ni jambo la kila wiki. Waambieni wafadhili mapema, kwa maandishi, aina mnazozitaka na mnazozikataa. Si utovu wa shukrani. Waombeni pia waongeze tyubu, cheni, vipande vya breki, viraka na solusheni. Vitu hivyo hujaza mianya ya kontena.

Fikirini pia baiskeli zitakwenda wapi. Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, ni tambarare, na baiskeli yenye keria madhubuti itabeba vitunguu au madumu ya maji bila shida. Rhotia na Mbulumbulu ni miteremko, na mvua ikinyesha udongo ule mwekundu hugandamana kwenye rimu. Huko baiskeli yenye breki dhaifu ni hatari, asipewe mtoto. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro ni suala jingine kabisa. Barabara inayopanda kutoka lango la Lodoare hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, inapita kwenye msitu wenye tembo na nyati. Msigawe baiskeli kwa vijiji vya hifadhini kabla ya kuzungumza na Mamlaka ya Hifadhi na wazazi wenyewe kuhusu njia gani zipitwe na saa ngapi.

Sasa forodha, mahali ambapo nia njema nyingi huishia. Kontena la futi 40 hubeba baiskeli 400 hadi 500 zikipangwa vizuri, pedeli zimefunguliwa na usukani umegeuzwa. Zawadi hamkuinunua, lakini forodha huipa thamani, na juu ya thamani hiyo huwekwa ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18. Neno "msaada" kwenye karatasi halifuti kodi. Msamaha huombwa TRA na taasisi iliyosajiliwa, na uombwe kabla meli haijang'oa nanga. Waulizeni TBS nao kuhusu masharti ya ukaguzi wa bidhaa zilizotumika. Hati ya shehena, orodha ya vilivyomo na barua ya zawadi viwe na jina lile lile la mpokeaji, herufi kwa herufi. Wakala wa forodha awe mwenye leseni. Siku za bure bandarini zikiisha, gharama za kuhifadhi kontena huhesabiwa kila siku, na bado kuna karibu kilomita 800 za lori kutoka Dar es Salaam hadi Karatu. Nani atalipa nini liandikwe kabla ya kupakia. Baiskeli zenu zikiwa chache, ni afadhali kuchangia fedha ili zinunuliwe Arusha.

Kuhusu ugawaji, nchini Ghana kuna mradi uitwao Village Bicycle Project. Huko mtu huhudhuria mafunzo ya siku moja ya kutengeneza baiskeli, kisha hununua yake kwa takriban nusu bei. Naupenda utaratibu huo, kwa sababu anayechangia hutunza, na fedha hizo zinaweza kununua spea. Kwa wanafunzi wasio na uwezo, shule ibaki na umiliki hadi mtoto amalize kidato cha nne, vinginevyo baiskeli ya binti itakuwa ya kaka yake kabla muhula haujaisha. Wasichana wapewe zisizo na bomba la juu, ili sketi isiwe kikwazo. Kila frimu ina namba, mara nyingi chini ya pedeli: iandikeni daftarini pamoja na jina la mpokeaji, mpeni nakala yenye muhuri wa shule au kijiji, ili ikiibiwa polisi wawe na pa kuanzia.