Kaa Koko au Jamaa Yake? Namna ya Kumtambua Kabla ya Kumtia Kizimbani

Mfugaji anayenenepesha kaa hutegemea kaa wadogo wanaokusanywa mikokoni maji yakitoka. Hasara nyingi huanzia hapo. Ndani ya kapu moja huchanganyika kaa koko, ambaye jina lake la kitaalamu ni Scylla serrata, na jamaa yake Thalamita crenata. Wakiwa wachanga hufanana sana: rangi ya kijani, miguu ya mwisho iliyo bapa ya kuogelea, ukali ule ule. Lakini kaa koko akikua hupita kilo 1, na wapo wanaozidi 2. Thalamita gamba lake huishia upana wa sentimita 8 hivi, hata umlishe mwaka mzima.

Rangi isikudanganye, kwani hubadilika kulingana na mahali kaa anapoishi na muda tangu ajivue gamba. Hesabu meno. Mshike kwa nyuma, magando yasikufikie, na umwoshe kwanza, maana tope likiganda katikati, meno mawili huonekana moja. Anzia pembe ya nje ya jicho, jino la hapo likiwemo, ufuate ukingo hadi pale gamba linapopanuka zaidi. Kaa koko ana meno 9 kila upande, yote karibu sawa. Thalamita ana 5 tu.

Kisha tazama kati ya macho. Thalamita ana uso mpana, macho yamekaa mbalimbali, na ukingo wa katikati umegawanyika sehemu 6 butu. Kaa koko macho yake yamekaribiana zaidi, na kati yake zimeinuka ncha 4.

Hesabu peke yake haimalizi kazi, kwa sababu Portunus segnis, yule ambaye dume lake lina magando marefu ya buluu, naye ana meno 9. Jino lake la mwisho ndilo linalomtoa: ni mwiba mrefu uliochomoza ubavuni. Mwenye madoa matatu makubwa yaliyokoza nyuma ya gamba ni nduguye, Portunus sanguinolentus.

Neno kwa wanaotumia miongozo ya Asia. Mwaka 1998 watafiti Keenan, Davie na Mann waliwapanga Scylla katika spishi nne. Kabla ya hapo zilichanganywa mara nyingi chini ya jina serrata. Kaa koko wa pwani yetu ni serrata: kiwiko cha gando lake kina miiba miwili mikali upande wa nje, na miguu yote ina michoro ya vyumba vyumba. Scylla olivacea wa Asia hana michoro hiyo, na paji lake ni la mviringo. Jedwali la ukuaji lililoandikwa kwa ajili yake lisitumike kukadiria mavuno yako.

Kaa usiyemhitaji mrudishe akiwa hai mikokoni alikotolewa, kabla hujamfunga magando.