Makosa ya Uandishi wa Tawasifukazi: Mfano wa Mhitimu wa Ndhiwa

Utangulizi

Tawasifukazi, ambayo wengine huiita wasifukazi, ni maandishi rasmi yanayomweleza mwajiri elimu, tajriba na ujuzi wa mwombaji kazi. Wanafunzi hujifunza kuiandika katika shule ya upili kama insha ya kiuamilifu, hujibu swali la mtihani, kisha huisahau. Baada ya mahafali, insha hiyo hugeuka kuwa suala la riziki. Makala haya yanajadili makosa manne kwa kutumia mfano wa kubuni: mhitimu wa shahada ya ualimu kutoka Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, aliyesomeshwa kwa mauzo ya miwa ya wazazi wake.

1. Kuchanganya tawasifu na tawasifukazi

Mhitimu huyu anaanza na kuzaliwa kwake, anapitia shule ya msingi, na shahada yake inajitokeza katika ukurasa wa tatu. Mpangilio huo unaifaa tawasifu, ambayo ni masimulizi ya maisha. Mwajiri mwenye maombi mengi mezani hutaka kujua kwanza mwombaji amefikia wapi. Kwa hiyo, elimu na kazi hupangwa kuanzia za karibuni kurudi nyuma. Dini, hali ya ndoa na majina ya wazazi huachwa, isipokuwa pale ambapo fomu ya mwajiri imeyaagiza. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya dini na hali ya ndoa.

2. Kudharau kazi zilizofanywa

Chini ya kichwa "Tajriba", mhitimu ameandika "Sina". Hata hivyo, alikuwa karani wa sensa mwaka wa 2019, akanakili uzani wa miwa kwa msimu mmoja, na akafundisha mihula mitatu kwa ajira ya bodi ya shule. Ameziacha kazi hizo kwa sababu zilikuwa za muda. Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi zaidi, kwani mwajiri hawezi kupima asichokiona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini karatasi haisemi ila iliyoandikiwa. Ilifaa aandike wadhifa, mahali, muda na jukumu:

Karani wa mizani, Ndhiwa, Januari hadi Juni 2021: kunakili uzani wa kila trela la miwa na kuandaa ripoti ya kila siku.

3. Kutia chumvi na kughushi

Anayeamini kuwa hana la kuonyesha hushawishika kubuni. Hupandisha daraja la shahada au kurefusha muda wa kazi. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki wa vyeti ulifichua zaidi ya vyeti ghushi 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma. Aidha, mwalimu hana budi kusajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, na usajili huo huthibitishwa. Njia ya mwongo ni fupi.

4. Makosa ya lugha

Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba, hivyo mwombaji ana haki ya kukitumia. Anayeomba kazi ya kukifundisha hatasamehewa makosa ya tahajia. Sauti /sh/ na /z/ hazimo katika Dholuo, na baadhi ya wazungumzaji wake huandika "sahada" badala ya shahada, au "usoefu" badala ya uzoefu. Istilahi nazo zahitaji uangalifu. Vitabu vya shule huweka mambo apendayo mtu chini ya kichwa "Uraibu". Neno hilo lilihusu vitu kama tambuu na tumbaku, na siku hizi husikika zaidi katika uraibu wa pombe na dawa za kulevya. "Mambo nipendayo" ni salama zaidi. Vivyo hivyo, watakaomshuhudia mwombaji ni wadhamini, si waamuzi. Waamuzi wako uwanjani.

Hitimisho

Makosa haya yana chanzo kimoja: mwandishi amesahau kwamba tawasifukazi ni ushahidi. Shahidi mwema hafichi aliyoyatenda wala haongezi asiyoyatenda. Walimu wa Kiswahili wanapoifundisha insha hii, wawaagize wanafunzi waorodheshe kazi walizozifanya kwa mikono yao wenyewe, zikiwemo za shamba la miwa. Huko ndiko karo ilikotoka, na huenda ajira nayo ikaanzia huko.