Kipimo Kwanza, Jibu Baadaye

Sokoni hakuna anayejumlisha gunia mbili na debe tatu akasema amepata tano. Tano za nini? Lakini ingia kwenye mtihani wa fizikia ya nyuklia, utamkuta msomi wa mwaka wa pili anachanganya miaka na sekunde, gramu na kilo, halafu jibu analipigia mstari mara mbili. Wanachuo wenzangu, tuliongelee hili.

Mimi natokea Manchira, wilaya ya Serengeti, kwenye bwawa linalopeleka maji mjini Mugumu, kwa hiyo mfano wangu ni maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 30 za urani kwa lita moja ya maji ya kunywa. Sisemi bwawa letu lina urani. Nachukua namba ya kikomo tu, na kuuliza: urani-238 ya kiasi hicho inatoa bekereli ngapi? Bekereli moja ni atomu moja inayooza kwa sekunde moja. Shika hilo neno, sekunde.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu atomu. Moli moja ya urani-238 ina gramu 238, basi tungamo letu nalo liwe kwa gramu: 30 × 10⁻⁶. Gawanya kwa 238, zidisha kwa namba ya Avogadro, 6.022 × 10²³. Unapata atomu 7.59 × 10¹⁶. Aliyeandika tungamo kwa kilo na kuiacha 238 kwa gramu ameshapotea mara elfu moja, na bado hajafika mbali.

Hatua ya pili ni kasi ya kuoza, yaani 0.693 gawanya kwa nusu maisha. Nusu maisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.47. Mwaka una sekunde 3.156 × 10⁷, kwa hiyo ni sekunde 1.41 × 10¹⁷, na kasi ni 4.91 × 10⁻¹⁸ kwa sekunde. Zidisha kwa idadi ya atomu: bekereli 0.37 kwa lita.

Sasa mwenzetu aliyeacha miaka ilivyo atapata milioni 11.8, na pembeni ataandika "bekereli". Angalia vizuri: namba yenyewe si ya uongo. Ni kweli atomu milioni 11.8 zinaoza kwa mwaka mzima. Uongo ni jina alilolipa. Lakini peleka karatasi hiyo kijijini uone kama kuna mama atakayechota tena.

Kuna mtego mwingine. Ripoti nyingi za Marekani bado zinatumia kipimo cha zamani, kyuri. Kyuri moja ni bekereli 3.7 × 10¹⁰, na pikokyuri moja ni bekereli 0.037. Maji yetu ya mfano yatasomeka 0.37 kwenye karatasi moja na 10 kwenye nyingine. Asiyesoma kipimo atasema maji yameharibika mara 27, kumbe ni ndoo ile ile. Tena kikomo cha maikrogramu kiliwekwa hasa kwa sababu urani kama kemikali hudhuru figo. Bekereli inazungumzia mionzi. Kipimo kinakwambia hata ni hatari ipi inayopimwa.

Twende kwenye nishati. Urani-238 ikitoa chembe ya alfa, tungamo linapungua kwa 0.004584 u. Njia ya mkato ni kuzidisha kwa 931.5, unapata MeV 4.27. Njia ndefu: geuza u kuwa kilo kwa kuzidisha na 1.6605 × 10⁻²⁷, kisha zidisha kwa mraba wa kasi ya mwanga kwa mita na sekunde. Utapata jouli 6.84 × 10⁻¹³, ambazo ni MeV 4.27 zile zile. Njia zote mbili ni halali. Haramu ni kuchukua u ya njia moja na kasi ya mwanga ya njia nyingine: utapata 4.1 × 10¹⁴, jouli za kuchemsha bwawa zima, kutoka kwenye atomu moja!

Basi fanyeni hivi. Andika kipimo kwenye kila mstari, si mwishoni tu. Vikate juu na chini kama unavyokata namba; kinachobaki kisipokuwa ulichoulizwa, simama hapo hapo, usisogee. Halafu jiulize kama jibu linaingia akilini.

Kwenye mtihani utapoteza alama mbili, yataisha. Ila huko tunakotoka, wewe unayesoma sayansi ndiye utakayeletewa karatasi ya maabara na kuulizwa, "Mwanangu, haya maji tunywe?" Kabla hujaijibu namba, soma kilichoandikwa mbele yake.