Mwakilishi au Mheshimiwa? Jina na Kazi Katika Wadi ya Kwa Reuben

Utangulizi

Mukuru kwa Reuben ni mtaa ulio katika eneobunge la Embakasi Kusini, jijini Nairobi. Wadi yake, Kwa Reuben, ni mojawapo ya wadi 85 za kaunti hiyo. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Wanairobi walichagua madiwani. Tangu hapo huchagua wawakilishi wadi. Makala haya yanachunguza pengo lililopo kati ya kazi anayopewa mwakilishi na sheria na ile anayotwikwa na jina aitwalo mtaani.

Kazi Kisheria

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na wapigakura, awasilishe maoni yao na ahudhurie vikao vya bunge la kaunti na kamati zake. Kifungu hicho hicho kinamkataza kutoa huduma kana kwamba ni mtumishi wa kaunti. Hivyo basi, mfereji ukikauka, wajibu wake ni kuuliza, kudai na kufuatilia. Si kuleta maji.

Matarajio ya Umma

Mlangoni pake, hata hivyo, hali ni nyingine. Huyu hutaka karo, yule gharama za mazishi, mwingine bili ya hospitali. Mkono mtupu haulambwi, na asiyetoa husemwa kuwa amepotea. Waombaji hawamwiti mwakilishi, bali "mheshimiwa".

Kimofolojia, mwakilishi (m-wakilish-i) ni nomino ya mtenda, yenye asili katika neno wakili: aliyeaminiwa kusema kwa niaba ya mwingine. Mheshimiwa (m-heshim-iw-a) limebeba kiambishi cha kutendwa. Hutaja heshima anayopewa mtu, si kazi anayoifanya. Jina la kwanza lina kipimo, kwani mtu aweza kuulizwa amewakilisha nini. La pili halina, na kwa sababu hiyo hubebeshwa kila haja.

Hitimisho

Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Barabara, maji na mitaro ya majitaka huhitaji vikao, bajeti na ufuatiliaji wa miaka, kazi isiyoonekana matangani. Mkazi aliyefiwa hakosei kuomba, maana huduma zikikosekana, mlango wa mheshimiwa ndio ulio karibu. Hata hivyo, mchango wa mazishi humfaa mfiwa mmoja. Mtaro huufaa mtaa mzima, nao hudaiwa kwa mwakilishi.