Panya, Viungo na Kifua Kikuu: Somo Kuhusu Vielelezo vya Maradhi

Wakazi wa Kibiti na wa delta ya Rufiji, kama watu wengi wa Pwani, huyaita maumivu ya viungo baridi yabisi. Jina hilo moja hukusanya maradhi mengi. Mzee ambaye magoti yake yamechakaa kwa kazi ya shamba la mpunga husemwa ana baridi yabisi. Kijana anayeumwa viungo baada ya homa iletwayo na mbu husemwa hivyo hivyo, na kadhalika mama ambaye vidole vya mikono yake yote miwili huvimba na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja. Makala haya yanahusu hasa ugonjwa wa huyo mama, ambao wataalamu huuita athraitisi ya rumatoidi.

Kinga inayogeuka

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, kisha gegedu na mfupa huliwa. Kwa kuwa haiwezekani kumpasua mgonjwa kila juma ili kutazama hatua hizo, mtafiti hutafuta kielelezo, yaani mnyama aliyefanywa apate ugonjwa unaofanana na wa binadamu.

Mwaka 1977 ilionyeshwa kwamba panya wakubwa wa maabara wakidungwa kolajeni, protini iliyomo katika gegedu, viungo vyao huvimba. Mwaka 1980 jambo hilo lilionekana kwa panya wadogo pia. Mwaka 1992 Richard Williams, Marc Feldmann na Ravinder Maini, wakiwa London, walieleza kwamba kuizuia protini iitwayo TNF, ambayo seli za kinga huitumia kuchochea uvimbe, kulipunguza ugonjwa wa panya hao. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa njia hiyo, wakapata nafuu.

Panya hujibu aliloulizwa

Nchi yetu ina mfano wake. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka Newala, kusini mwa Rufiji. Iliitwa chikungunya, jina la Kimakonde linalotaja jinsi mgonjwa anavyopindika. R. W. Ross aliwadunga vitoto vya panya damu ya wagonjwa, akakipata kirusi. Swali lilikuwa: je, damu ina kirusi? Panya alilijibu. Lakini panya mzima akidungwa kirusi hicho mguuni, uvimbe wake huisha kwa muda wa majuma mawili hivi, ilhali baadhi ya watu huumwa kwa miezi au hata miaka. Kwa hiyo panya huyo peke yake hawezi kutueleza kwa nini maumivu hudumu.

Dawa za kuzuia TNF zilileta somo zito zaidi. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba watu 70 waliotumia mojawapo ya dawa hizo walipatwa na kifua kikuu. Panya wa kolajeni hakutoa onyo, kwa sababu hakuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Onyo lilikwisha kutolewa mwaka 1995 na panya wengine: walipozuiwa TNF kisha wakaambukizwa kifua kikuu, walikufa upesi. Protini ile ile inayoharibu kiungo ndiyo inayovizingira vijidudu mapafuni.

Katika nchi ambamo kifua kikuu bado ni tatizo kubwa, jambo hili si dogo. Mgonjwa wa Kibiti asipewe dawa ya namna hiyo kabla ya kupimwa kifua kikuu, hata kile kilicholala bila dalili. Naye mwenye vidole vinavyokakamaa kila asubuhi asiridhike na jina la baridi yabisi, bali aende hospitali mapema, kwani gegedu likishaliwa halirudi.