Tubuni kipimo cha hewa tunayovuta

Kama unaishi Sumbawanga, Matai, Laela au Namanyere, huna haja ya kuelezwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikoje. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua likizama tu, kila mtu anatafuta moto. Jiko la mkaa lililokuwa uani linaingizwa ndani, mlango unafungwa, nyufa za dirisha zinazibwa kwa matambara, na watoto wanalala na joto lao. Raha kweli!

Lakini hebu tujiulize: hewa iliyomo chumbani humo ikoje? Macho hayawezi kutujibu. Pua nayo huzoea harufu baada ya muda mfupi. Ndiyo maana leo tunajifunza kubuni kipimo cha hewa, kidogo cha kubebwa mkononi, ambacho kikundi cha vijana kinaweza kukiunda kwa msaada wa mwalimu wa fizikia au fundi redio. Soma mpaka mwisho, maana kipimo kilichobuniwa vibaya kinaweza kusababisha kifo.

TUNAPIMA NINI?

Hewa chafu ina vitu vingi, lakini majumbani mwetu tuanze na viwili.

Cha kwanza ni chembe ndogo za moshi. Zinazoleta madhara zaidi ni zile zenye upana wa maikromita 2.5 au pungufu. Unywele wa kichwa chako ni mnene kama mara 30 kuliko chembe hiyo! Kwa udogo huo, chembe hupita puani na kooni, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huleta nimonia kwa watoto wadogo, na magonjwa ya mapafu, moyo na kiharusi kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Cha pili ni gesi ya kaboni monoksaidi. Hii hutoka pale mkaa au kuni zinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni, tena huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu huishiwa nguvu. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

WENZETU WA KAMPALA WALIFANYAJE?

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mradi wa AirQo ulianza mwaka 2015. Mashine kubwa za kupimia hewa ni ghali mno na zinataka umeme wa uhakika. Kwa hiyo wahandisi wa Makerere walibuni vifaa vyao vya bei nafuu, vinavyovumilia vumbi, joto na umeme wa kukatika-katika, na vinavyotuma vipimo kwa mtandao wa simu. Vingine walivifunga kwenye majengo, vingine wakavifunga kwenye bodaboda vikazunguka mjini. Halafu waliviweka baadhi kando ya mashine kubwa na kulinganisha majibu, ili wajue vinakosea kiasi gani.

Tunajifunza nini? Kwamba kifaa kinabuniwa kufuatana na mahali kitakapofanyia kazi. Chetu kitafanya kazi Ufipa. Basi tuangalie Ufipa inatudai nini.

SEHEMU ZA KIPIMO

1. Kihisi cha chembe. Ndani yake kuna kifeni, taa ya leza na jicho la umeme. Kifeni huvuta hewa, chembe hupita mbele ya leza, mwanga hutawanyika, jicho huona ule mtawanyiko na kukadiria wingi wa chembe. Ni kama unavyoona vumbi likicheza pale jua linapopenya kwenye tundu la bati.

2. Kihisi cha kaboni monoksaidi. Chagua kile chenye kemikali ndani inayotoa umeme kidogo gesi inapoigusa. Vipo vya bei rahisi zaidi vinavyofanya kazi kwa kupashwa moto, lakini vinakula betri na huchanganya gesi moja na nyingine.

3. Ubongo, yaani kompyuta ndogo ya kwenye kibao. Inasoma vihisi, inahesabu wastani na kuhifadhi majibu.

4. Betri, taa tatu za rangi, kioo kidogo cha tarakimu na kengele.

5. Kasha lenye matundu ya kuingiza na kutoa hewa.

HESABU YA BETRI

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme betri yetu ni ya volti 3.7 na miliampea-saa 3,000. Zidisha: 3.7 × 3 = wati-saa 11 hivi. Nguvu nyingine hupotea njiani, kwa hiyo tuhesabu 9. Kihisi cha chembe hutumia karibu nusu wati kikiwa kazini; ubongo na vingine tuviwekee robo wati. Jumla 0.75. Gawa 9 kwa 0.75, unapata saa 12. Haitoshi hata siku moja!

Dawa yake ni kupumzisha kihisi cha chembe. Kiwashe dakika moja katika kila dakika tano: nusu dakika ya kwanza feni itulie, nusu ya pili upime. Matumizi yake yanashuka kutoka 0.5 hadi 0.1. Jumla sasa ni 0.35, na betri inadumu zaidi ya saa 25. Lakini kihisi cha kaboni monoksaidi kisizimwe kamwe. Hicho ni mlinzi wa usiku, na mlinzi halali.

UFIPA INADAI NINI?

Ukungu na mvua. Katika unyevu mwingi chembe hunyonya maji na kuvimba, na leza huziona kubwa kuliko zilivyo. Asubuhi ya ukungu kipimo kinaweza kusema hewa ni chafu kumbe sivyo. Weka kihisi cha unyevu, na uandike unyevu kando ya kila jibu.

Vumbi la kiangazi. Vihisi vidogo vya leza haviyaoni vizuri mavumbi makubwa ya barabarani. Usishangae lori likipita na namba ikabaki chini. Safisha matundu kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo.

Namna tunavyoishi. Kipimo kikae karibu na usawa wa pua ya anayevuta hewa hiyo. Kwa mama anayepika na mtoto mgongoni, ni kifuani, juu ya kitenge na si chini yake. Chumbani ni usawa wa kitanda. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa, hivyo huchanganyika chumba kizima. Kulala chini au juu hakukuokoi.

Watumiaji. Bibi asiyesoma tarakimu naye avute hewa salama. Ndiyo maana tumeweka taa na kengele.

TAA ZISEME NINI?

Kwa chembe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipendekeza wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo. Tuweke kijani chini ya 15, manjano kutoka 15 hadi 50, nyekundu zaidi ya 50. Lakini kumbuka, huo ni wastani wa siku nzima. Ukikoka kuni jikoni namba itaruka juu sana kwa muda, usikimbie, andika.

Kwa kaboni monoksaidi, mwongozo wa Shirika hilo ni kama sehemu 9 katika milioni kwa saa 8, na kama 30 kwa saa moja. Manjano ianze 9. Ikifika 30 nyekundu iwake na kengele ilie, usiku au mchana.

HATARI KUBWA YA UBUNIFU HUU

Sasa sikiliza vizuri. Mtu anaweza kusema, "Kihisi cha gesi ni ghali, tuweke cha chembe peke yake." Jamani, hapana! Mkaa ukishashika ukawa mwekundu, moshi karibu wote unakwisha. Kihisi cha chembe kitawasha kijani. Wenye nyumba watafurahi, watafunga mlango na kulala. Na wakati huo huo gesi isiyoonekana inajaa chumbani. Kifaa hicho kitakuwa kimewadanganya watu hadi kaburini. Kama huna kihisi cha gesi, andika juu ya kasha kwa herufi kubwa: HAKIPIMI HEWA YA MKAA.

Hata ukiwa nacho, kihisi huchakaa. Andika tarehe uliyokifunga na ukibadilishe kwa wakati. Ukitaka kukijaribu, kipeleke uani na kukisogeza karibu na jiko lililowashwa sasa hivi; namba ipande. Usijifungie chumbani kujaribu.

UKIONA NYEKUNDU

Toa jiko nje, fungua mlango na dirisha. Mwenye kizunguzungu mtoe nje mara moja. Aliyepoteza fahamu akimbizwe hospitali, naye ahitaji oksijeni.

Na ukiwa na wazee, tumia adabu:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona watoa jiko, wataka nife na baridi?"

"Hapana bibi. Chumba kimeshapata joto. Taa hii nyekundu inasema mkaa umetoa sumu. Nimekuletea blanketi la pili na chupa ya maji ya moto, nimeifunga kitambaa isikuunguze."

"Haya, lete hiyo chupa."

Wazee wa Ufipa si wageni wa somo hili. Mababu walioyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo, waliacha matundu chini. Hewa ya moto ilipanda juu, nayo ikavuta hewa mpya kuingia chini bila mivukuto. Jikoni ni hivyo hivyo: tundu la chini la kuingiza hewa na dohani ya juu ya kutoa moshi.

Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mpaka siku hiyo ifike nyumbani kwenu, sheria ni moja, uwe na kipimo au usiwe nacho: jiko la mkaa halilali na watu.

KAZI YA KIKUNDI

1. Kabla ya kununua chochote, pakeni mafuta ya mgando kwenye visahani vinne vyeupe. Viwekeni jikoni, chumbani, darasani na kando ya barabara kwa siku mbili. Kipi kimechafuka zaidi? Kwa nini njia hii haiwezi kugundua kaboni monoksaidi?

2. Betri yenu ni ya miliampea-saa 2,000. Mkipima dakika moja katika kila kumi, itadumu saa ngapi?

3. Nani katika familia yenu hukaa muda mrefu zaidi karibu na moshi? Jadilini, wavulana na wasichana pamoja, nani anaweza kubadilisha hali hiyo.