Mbegu ya Mkusu Haiwekwi Ghalani

Ndugu mwanakisomo, sote tunajua kuweka mbegu ya mahindi. Tunaianika mpaka inakauka kabisa, tunaitia katika debe, tunangoja mvua. Lakini siyo kila mbegu inakubali hivyo. Leo tutazungumza juu ya mkusu, mti wa porini wa mikoa kama Tabora, Iringa na Ruvuma.

Tunda la mkusu ni la mviringo, rangi ya manjano na kahawia, lina ganda gumu. Ndani mna nyama tamu na kokwa tatu au nne. Huiva wakati wa mvua, ghala zikiwa karibu tupu, na watoto hushiba kwa hilo. Siku hizi mikusu inapungua. Inakatwa kufungua mashamba, na kwenye tumbaku inachomwa kukaushia majani. Ndiyo maana inabidi tuipande.

Kikundi kimoja nilichokifundisha kiliokota matunda debe zima. Mimi mwenyewe nikawaambia: anikeni mbegu juani, tutapanda mwakani. Haikuota hata moja. Kosa lilikuwa langu. Mbegu ya mkusu huishi kwa maji yaliyomo ndani yake. Ikikauka, inakufa.

Basi fanyeni hivi. Okoteni matunda yaliyoanguka yenyewe. Msitikise mti, mtaangusha na mabichi. Osheni kokwa mpaka nyama itoke yote, mpande juma hilo hilo. Katika viriba changanyeni udongo uliochotwa chini ya mkusu mkubwa. Udongo huo una kuvu wanaokaa kwenye mizizi na kuusaidia mti kupata chakula. Bila hao mche hudumaa. Kuota huchukua majuma kadhaa, msikate tamaa. Tena pandeni miche mingi pamoja, kwa sababu kuna mkusu wa kiume na wa kike, na mche ukiutazama huwezi kujua ni upi. Wa kiume hauzai.

Mkwaju ni kinyume. Mbegu yake ikikaushwa vizuri na kutiwa katika chupa yenye kifuniko, hukaa miaka. Shida yake ni ganda, maji hayapenyi. Isugue upande mmoja juu ya jiwe, kisha iloweke usiku mmoja. Itaota baada ya juma moja au mawili.

Swali la kujadiliana: Kokwa ya embe imelala juani miezi miwili. Je, itaota? Kwa nini?